Eti "lugha za wakuja zisubiri". Pentekoste!

Wakuu, nimetoka kanisani sasa hivi, damu inachemka. Yule wa maiki, kigango kizima hapa Bagamoyo kinamjua, kanyakua karatasi ya ombi la Kisukuma mkononi mwa msomaji (Pentekoste hii maombi ya waamini yalikuwa kwa lugha mbalimbali), akasema: "Lugha za wakuja zisubiri, muda umekwisha." Halafu akajipepea nayo. AKAJIPEPEA!

Muda upi? Maombi ni 5, kila moja sekunde 20. Mnada wake wa mbuzi umekula robo saa. Somo la kwanza, la watu kuwasikia mitume kila mmoja kwa lugha yake, limewataja Waparthi, Wamedi, Waelami, hadi Wakrete na Waarabu, hakuna aliyeambiwa asubiri. Msukuma ndiyo asubiri?

Na mkuja ni nani hapa? Misheni ya Kikatoliki hapa Bagamoyo ilianza 1868, kijiji chake kikajaa waliokombolewa utumwani, watu wa makabila ya bara. Kwa hesabu yake wote wangeachwa nje, chini ya mbuyu. Na anajipepea!

Kibuyu: Pole mkuu. Mbuzi kaenda kwa bei gani?

Kengele ya Pili: Maandalizi nayo mabovu. Ombi liandikwe kabla, mistari 2, msomaji amalizie "Ee Bwana" kwa Kiswahili ndipo watu wajue pa kuitikia "twakuomba utusikie". Mkimwacha atunge papo hapo atawaombea wajomba wote hadi Shinyanga.

Mleta uzi: Liliandikwa! Ndiyo hiyo karatasi aliyojipepea!

Ngalawa: Mwili wa Livingstone ulifikishwa Bagamoyo 1874 na wakuja watupu. Chuma, mmoja wa walioongoza msafara huo, alikuwa Myao. Huyo wa maiki angewaambia wasubiri mnada uishe, hahaha.

Mzee wa Sakristia: Kesi ya zamani hii. Matendo ya Mitume 6, wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani walirukwa kwenye mgawo wa chakula. Mitume wakasimamia uchaguzi wa watu 7, na majina yote 7 ni ya Kiyunani. Maiki wapewe wakuja, basi.

Mama Sinia: Umetaja mgawo wa chakula? Leo sinia la watu 6 lina vipande 3 vya nyama! Nani alipakua?

Kibuyu: Mchele kilo 20 kwa watu 300, mlitegemea nini? Hiyo ni ya watu 160, tena wasiotoka kuimba.

Mleta uzi: Jamani, tunazungumzia karatasi!

Mama Sinia: Karatasi hailiwi. Ukoko kachukua nani?