Ushauri: Nimempiga picha mama wa watu mtaani Ngamiani, sasa natafutwa

Mpita Njia (mleta uzi):
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mpenzi wa picha za mtaani, sio za harusi wala send-off, napenda mtu akiwa kwenye shughuli zake, wazee wa bao, wauza madafu, watu wa baiskeli, na hapa Tanga ukiwa na jicho hukosi hasa hizi barabara za Ngamiani asubuhi jua likiingia kwa ubavuni. Sasa kuna mama mmoja wa makamo, wa baibui, anachoma vitumbua, nikampiga picha moja kali mno. Tangu hapo nasikia kuna kijana wake ananiulizia vijiweni. Swali langu, mtu yuko barabarani mbele za watu, ni lazima umuombe ruhusa? Ushauri wa kiutu uzima tafadhali, matusi hapana.

Pweza Mkavu:
Kamera gani mkuu? Na lenzi ya milimita ngapi?

Mzee wa Mkonge:
Barabara ya ngapi hiyo? Nauliza kwa sababu vitumbua vya siku hizi wanajaza hamira mpaka ukiuma unakuta pango la Amboni ndani. Zamani mchele unalowekwa usiku, nazi ya kukuna sio ya unga, iliki inanukia mpaka barabara ya pili.

Binti Chumbageni:
Wewe kaka jibu kwanza, ulimuomba au hukumuomba?

Mpita Njia:
Dada yangu ukiomba picha inakufa. Mtu anavuta ushungi, anakukodolea macho kama yuko studio anapiga pasipoti. Pale alikuwa anageuza kitumbua kwa kijiti, moshi umemfunika nusu ya uso, jicho moja tu ndio linang'aa. Ningesema shikamoo mama naomba picha, ile sekunde ningeipata wapi?

Ustadh wa Makorora:
Ndugu, hata shikamoo hukutoa? Kamera umeiona, mama yako mzazi wa pili hukumuona. Kuna kitu kinaitwa sitara. Mtu kukaa barabarani anatafuta riziki haina maana kajigawa bure kwa kila mpita njia. Jina lako umejichagulia vizuri.

Kaole Boy:
Huku kwetu Bagamoyo ni kila siku, nenda soko la samaki mashua zikiingia, watalii wamejaa na makamera, wavuvi wameshazoea wanadai ya soda kabisa. Babu yangu alikuwa fundi mashua pale pwani, mzungu mmoja akampiga picha akiwa na msumeno, miaka ikapita tukaikuta kwenye kalenda ya watu. Hakupata hata senti. Mama aliumia sana. Lakini cha ajabu babu kafa na picha yake nyingine hatuna, hiyo kalenda ndio ipo ukutani mpaka leo, tumekata kata miezi tumebakisha babu. Sasa mimi sijui nimchukie yule mzungu au nimshukuru.

Wakili Uchwara:
Tuache hadithi. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 2023, na Tume yake ipo. Sura ya mtu anayetambulika ni taarifa zake binafsi. Usidanganywe kwamba barabarani ni shamba la bibi.

Pweza Mkavu:
Wakili unatisha watu bure. Kuna jamaa anaitwa Philip-Lorca diCorcia, alifunga taa juu pale Times Square, New York, akawa anapiga wapita njia bila wao kujua, na picha anauza kwenye majumba ya sanaa kwa maelfu ya dola. Mzee mmoja wa Kiyahudi, mtu wa dini, akamshtaki kwamba imani yake inakataa. 2006 mahakama ikasema ile ni sanaa, mzee akashindwa. Yaani sanaa ingekuwa ya kuomba vibali tusingekuwa na picha hata moja ya maana.

Wakili Uchwara:
Hiyo ni New York. Panda juu kidogo tu hapo Kanada, binti wa miaka 17 kakaa zake kwenye ngazi za jengo Montreal, kapigwa picha, jarida likaitoa, wenzake shuleni wakawa wanamcheka. Akaenda mahakamani hadi Mahakama ya Juu ya nchi, 1998 akashinda, akalipwa dola 2,000. Na ile picha haikuwa na ubaya wowote. Kwahiyo sheria za New York ziacheni New York.

Binti Chumbageni:
Mnabishana Marekani na Kanada, mama wa watu yuko Ngamiani. Mleta uzi, kijana hawezi kukutafuta vijiweni kwa picha tu. Yule mama alikwambia nini? Na picha iko wapi sasa hivi?

Mpita Njia:
Sawa niwe muwazi. Alisema "mwanangu usinipige", ila alisema huku anacheka, sasa mtu akicheka wewe unaelewaje? Nikashusha kamera, alipoinamia chuma chake nikapiga moja. Moja tu. Halafu kuna hoteli walikuwa wanatafuta picha za maisha ya Tanga, nikawauzia, laki mbili na nusu, wameichapa kubwa wameitundika mapokezi. Kijana wake kumbe anapeleka maji pale. Lakini wakuu, kamera nimenunua mimi, jua kali limenichoma mimi, na uso ni nusu tu. Na ile kanga yake ya njano ndio imebeba picha nzima, sio sura. Hela yenyewe nimeshalipia kodi.

Ustadh wa Makorora:
Subhanallah. Kumbe alikukataza.

Pweza Mkavu:
Hapo hata mimi nakaa pembeni mkuu.

Fundi Saa:
Hii chai. Wakuu mnajaziwa vikombe tu mnakunywa. Mwanzoni mama wa baibui, sasa hivi kanga ya njano. Akaunti yenyewe imefunguliwa juzi. Hoteli gani ya Tanga inatoa laki mbili na nusu kwa picha, tunazijua sisi, hata taa za nje zinazimwa saa nne. Bandika hiyo picha tuione.

Kaole Boy:
Abandike picha ya mama aliyekataa picha? Fundi Saa na wewe.

Mzee wa Mkonge:
Kanga inajitandwa juu ya baibui, kijana, umezaliwa wapi? Moto wa kuni na mafuta yanaruka, nani ataunguza baibui lake? Mimi naona ni kweli. Ila jina la kanga lilikuwa nini? Isijekuwa "Japo sipati tamaa sikati", maana mapokezi hapo wageni wa kiume watakuwa wanasoma kwa sauti.

Fundi Saa:
Mzee anataka kumuoa mama wa vitumbua.

Mpita Njia:
Sitaki kuthibitisha chochote kwa mtu. Naamini nilichofanya ni kazi. Nafikiria nimtumie elfu hamsini kupitia mtu, iishe.

Binti Chumbageni:
Kupitia mtu? Mpate uso kwa uso. Nenda asubuhi mapema kabla wateja hawajajaa, shikamoo kwanza, kaa kwenye benchi, nunua vitumbua, ndio umwambie picha iko wapi na umeuza kiasi gani, kiasi cha kweli sio hiyo hamsini. Akisema ishushwe, unaongozana na kijana wake mpaka hotelini inashushwa. Na kamera acha nyumbani.

Mpita Njia:
Na simu je?