Tupeane uzoefu: uliiongezea laptopu yako kasi, joto na mvumo wa feni vikawaje?

Mkomani, Lamu (mwanzisha mada)

Asalamu alaykum ndugu zangu, wa Amu, wa Malindi na mlio kati. Naomba tukusanye hapa yaliyotukuta wenyewe. Sema ulikuwa na mashine gani, ulibadilisha nini, na baada ya hapo joto na kelele vilikuwaje ukiwa huku huku kwetu pwani. Naanza na langu, na bado linaniuma.

Kazi yangu ni kurekodi wazee wakighani tenzi, kisha nasafisha sauti na kuihifadhi. Nilikuwa na laptopu ya ThinkPad T440p ya mtumba yenye prosesa (ndiyo ubongo wa mashine) i5-4300M, viini 2 vya kufanyia hesabu, wati 37. Mashine ile ina sifa moja ambayo siku hizi ni adimu: prosesa imekaa kwenye soketi, haikuchomelewa kwenye bodi, kwa hiyo ukitaka unaitoa na kutia nyingine. Nikatia i7-4800MQ, viini 4, wati 47. Rekodi ya saa moja ambayo kuisafisha kulikuwa kunanichukua dakika 20 ikawa inamalizika kwa 11. Nilifurahi muno.

Juma lililofuata akaja bibi mmoja kutoka Siyu. Akakaa kitako mkekani, akaghani beti 112 bila karatasi. Chumba changu kina kuta za mawe, unene wake karibu dhiraa nzima, na nyinyi mnajua mji wetu wa kale hauna magari vichochoroni: baada ya isha husikii ila upepo, na punda mara moja moja. Nikajiona nina studio. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na mwisho wa kipande cha nne mghani huvuta pumzi. Usiku nilipovaa hedifoni nikakuta kila pumzi ile imejaa mvumo wa feni. Nimejaribu kuutoa kwa programu, lakini unapoondoka unaondoka pia na "s" na "sh" za bibi, sauti inakuwa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Na bibi alikuwa amekwisha kurudi kwao.

Siku ile chumba kilikuwa na nyuzi 31. Hapo ndipo nilipoelewa: feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Aliye mahali pa nyuzi 20 anaanza hesabu kutoka 20, sisi tunaanza na 31, na zile 11 lazima feni izifanyie kazi kwa kukimbia zaidi. Wati 10 nilizoongeza ni chache kwenye karatasi. Kwenye maiki zilikuwa nyingi.

Haya, karibuni.

Fundi, Maweni, Malindi

Waalaykumu salam. Pole sana ndugu yangu kwa ile rekodi, hilo ni pengo.

Niseme jambo ambalo wateja wangu hawapendi kulisikia. Mashine nyingi ninazoletewa "ziongezwe nguvu" zimeziba tu. Nafungua kifuniko cha chini, nakuta kati ya feni na vipezi vya shaba pana kitambaa. Nakiita kitambaa kwa sababu ndivyo kilivyo: vumbi, nyuzi za nguo, mchanga laini na chumvi ya bahari vimeshikana mpaka unakivuta kwa kibano kinatoka kizima. Hiyo chumvi ndiyo adui ambaye watu wa bara hawamjui. Inavuta unyevu, vumbi linalowa na kuganda, na shaba inaanza kuota ukijani. Mashine ya Nairobi ya miaka 4 na ya Malindi ya miaka 2 ukizifungua pamoja utasema ni za rika moja.

Ninavyofanya ni hivi. Nazima, nachomoa waya wa betri, nashika panga za feni kwa kidole ndipo napuliza hewa. Wengi hupuliza huku feni inazunguka ovyo kwa mwendo usio wake, beringi inaumia, na tena mota ikizungushwa na upepo hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye bodi. Kisha natoa ile pesti ya kijivu ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, nafuta kwa spiriti, natia mpya kiasi cha punje ya choroko, nafunga skrubu kwa kukatiza kona moja kwenda ya pili ili bamba likae sawa. Mwezi uliopita dada mmoja alikuja kuuza laptopu yake kwa sababu "imechoka". Ilikuwa inafika nyuzi 97 akifungua video. Ilipotoka kwangu ilikuwa 74 kwa video ile ile, na hakuiuza.

Kuhusu kelele, feni ikizunguka mara mbili ya mwendo wake, mvumo hupanda kama desibeli 15. Geuza upande wa pili: ukiipunguzia mwendo robo tu, umeondoa kama desibeli 6, na kwa mtu anayerekodi hizo ni nyingi. Kwa hiyo usihangaike kuitafuta feni isiyolia kabisa. Ipunguzie sababu ya kukimbia.

Na kwa T440p yako, upo mfumo wa kupozea wenye vibomba viwili vya shaba, uliotengenezwa kwa zile zenye kadi ya michoro (sehemu inayochora picha na video) ya peke yake. Nadhani yako ina kibomba kimoja. Uulizie kwa wauza vipuri. Kwa prosesa ya wati 47 usingeanza bila huo.

Mwalimu, Mokowe

Yangu fupi. EliteBook 840 G3, i5-6300U, wati 15. Prosesa imechomelewa, sikuwa na la kufanya. Nilitoa diski ya kuzunguka nikatia SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, na ramu (kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa) nikaitoa kwenye gigabaiti 4 nikaifikisha 12. Kuwaka kulikokuwa kunanipa nafasi ya kukuna nazi sasa ni muda wa kuvuta kiti. Joto halikupanda hata kidogo. Kelele imepungua, maana ile diski ilikuwa inakwaruza, na zamani ramu ilipojaa mashine ilikuwa inahangaika na diski muda wote.

Nawaomba wenzangu walimu: kabla ya kufikiria prosesa, anzeni na hizi mbili.

Mpiga picha, Watamu

Mimi nilikwenda kinyume na mwalimu. Nahariri video za baharini, nikanunua laptopu ya michezo: prosesa i7-11800H ya wati 45 na kadi ya michoro ya RTX 3060. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kadi hiyo ya laptopu watengenezaji huipa wati kuanzia 60 hadi 115 kila mmoja apendavyo. Jina moja, nguvu si moja. Kabla ya kununua ulizeni wati, msiulize jina peke yake.

Yangu ni ya wati zote 115. Ikifanya kazi kwa nguvu inakula kama wati 160, na nyumba yangu inatumia sola: betri moja ya volti 12, ampea-saa 100. Hizo ni wati-saa 1,200, na kwa betri za asidi usishuke chini ya nusu ukitaka zidumu, basi una 600. Gawa kwa 160. Hufiki saa 4. Na hizo wati zote zinazoingia hazipotei, zinatoka pembeni kama hewa ya jiko, zinanirudia usoni na mikononi. Feni zilikuwa zinavuma mpaka mke wangu akawa ananipigia simu kutoka chumba cha pili, maana nikiitwa sisikii.

Msimu wa kaskazi nikahamia barazani kutafuta upepo. Upepo niliupata, na mchanga nikaupata. Ilibidi niifungue baada ya miezi mitatu.

Sasa nimeikata kadi iishie wati 80 kwa programu iliyokuja na mashine. Filamu fupi iliyokuwa ikinichukua dakika 14 kuitoa inachukua 17. Dakika 3 tu! Na mvumo umeshuka kiasi kwamba namsikia muadhini. Wati za mwisho ndizo zinazochoma kuliko zote na kukupa kidogo kuliko zote. Laiti ningejua tangu siku ya kwanza.

Binti wa Shela

Kaka wa Mkomani, umenigusa, bibi yangu pia alikuwa mghani.

Mimi natumia MacBook Air ya M1, ile ya Novemba 2020. Haina feni kabisa. Narekodi masimulizi ya watoto chumbani na maiki iko kando yake, na hakuna kinachosikika. Kwa kazi yako wewe ningesema ndiyo hiyo. Lakini nina mawili ya kukuambia kwa haki. Kwanza, mashine isiyo na feni ikipata joto haina njia ila kupunguza mwendo. Juu ya dari yangu, chini ya makuti, mchana wa Februari, nikitoa video ndefu, dakika kama 10 za mwanzo inakwenda vizuri kisha unaona inajivuta. Walioitengeneza wanasema itumike penye nyuzi 10 hadi 35, na sisi ile 35 hatuko mbali nayo. Nikishuka chumba cha chini, penye kuta nene, haina shida.

Pili, ramu haiongezwi. Nilichukua gigabaiti 8 kuokoa pesa, leo nikifungua picha nyingi natamani ningengoja miezi miwili nikachukua 16. Mashine ya namna hii, kuongeza ni siku ile ya kununua na si baadaye.

Saiba, mjini Malindi

Nina maoni tofauti kidogo. Mimi nina kompyuta 6 za mezani dukani, nje kuna tuktuk na bodaboda mchana kutwa. Feni ikilia nani ataisikia? Kwangu ni joto. Kila mashine inakula kama wati 65, zote pamoja karibu 390, na mwili wa mtu aliyekaa hutoa kama wati 100. Kwa hiyo nikiziwasha asubuhi ni kama nimeingiza watu wanne dukani kabla ya mteja wa kwanza. Nilipobadilisha mbili nikaweka zile ndogo za wati 35, pangaboi peke yake likaanza kutosha hadi adhuhuri. Sikuongeza kasi. Wateja wanachapisha barua na kujaza fomu, kasi ya nini?

Mwalimu, Mokowe

Kuna njia ambayo haihitaji kununua kitu? Nauliza kwa ajili ya wanafunzi.

Langoni, Lamu

Ipo, maalim, na ni bure. Kwenye Windows ingia mipangilio ya umeme, sehemu ya prosesa, pale penye kiwango cha juu kabisa ondoa asilimia 100 weka 99. Prosesa nyingi za Intel hapo huacha kujirusha juu ya kasi yake ya msingi. T480 yangu ina i5-8250U: msingi ni gigaherzi 1.6, ikijirusha inafika 3.4. Nikiweka 99 inatulia chini, feni inazima kabisa, na kuandika, kusoma, hata kurekodi hakuna tofauti ninayoiona. Nikitaka kazi nzito narudisha 100. Kwenye baadhi ya laptopu sehemu hiyo imefichwa, lakini inafunguliwa.

Nyingine ni kupunguza volteji ya prosesa kidogo kidogo. Umeme unaoliwa hufuata mraba wa volteji, kwa hiyo ukipunguza kidogo unapata zaidi ya ulichotoa. Nilishusha milivolti 80, joto likaanguka nyuzi 7 kwa kazi ile ile na kasi ile ile. Ukizidisha mashine inaganda, unaiwasha upya na kurudi nyuma hatua moja. Ila si kila laptopu inakubali. Desemba 2019 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina Plundervolt, uliopita kwenye mlango huo huo wa volteji, na watengenezaji wengi wakaufunga kwa masasisho ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine. Ya kaka yangu, ya kampuni nyingine, ilikuwa wazi jioni, asubuhi baada ya kusasisha ikawa haigusiki.

Na ndugu wa Mkomani, usijilaumu kwa kutia i7. Kuisafisha sauti kwa dakika 11 ni faida ya kweli. Shida ni kwamba ilikaa chumba kimoja na bibi.

Mkomani, Lamu (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, nimesoma yote, mengine mara mbili. Langoni, lile neno la mwisho limenikaa.

Niwape habari ya wiki hizi tatu. Fundi, ulisema kweli, ilikuwa na kibomba kimoja. Wa vibomba viwili niliupata kwa muuza vipuri Mombasa, ukaja kwa basi hadi Mokowe na kwa boti hadi gatini. Nilipofungua nikakitoa na kile kitambaa cha vumbi, kipana kama vidole viwili. Kwa kazi ya kusafisha sauti nilikuwa nikiona nyuzi 94, sasa naona 81, na zile dakika 11 hazijabadilika. Nikirekodi naweka 99. Feni bado inazunguka, lakini kwa unyonge, na nikiitega maiki mita moja na nusu naisikia kwa shida.

Hiyo "kwa shida" sikuridhika nayo. Waya wa USB wa kawaida unakwenda hadi mita 5, nikanunua mmoja, nikaupitisha chini ya mlango. Laptopu inakaa ukumbini juu ya vipande viwili vya boriti ili chini yake hewa ipite, maiki inabaki chumbani peke yake. Jana baada ya isha nilirekodi chumba kitupu dakika tano. Nilisikia upepo kwenye dirisha, na mtu akipita kichochoroni na makubadhi.

Nimempigia simu mjukuu wake bibi. Anasema atamleta Amu baada ya Idi, in sha Allah, na kwamba bibi mwenyewe ameuliza kama mkeka ni ule ule.