Mkebe wa bibi: haluli, hamira na kitabu cha Posta (tupeane uzoefu)

Wakuu, salamu. Wakubwa, shikamooni. Mwezi uliopita tulikuwa Muheza tukipanga vitu vya bibi yetu, aliyetutoka akiwa na miaka tisini na ushee. Chini kabisa ya sanduku lake tukakuta mkebe wa beking pauda, rangi imebanduka. Ndani mlikuwa na senti za tundu zilizotungwa kwenye kamba ya mkonge, kitabu kidogo cha akiba cha Posta, na kitu kigumu kama jiwe kilichofungwa kwa ukurasa wa Mambo Leo, lile gazeti la serikali lililoanza 1923. Mjomba akalilamba lile jiwe, akakunja uso, akasema: "Haluli!" Ile dawa ya kuharisha ya zamani.

Duka la dawa, jiko na benki, vyote mkebe mmoja. Naomba tusimuliane: kwenu enzi za mkoloni walijitibu na nini, waliumua unga kwa nini, pesa waliziweka wapi?

Mzee wa Korogwe: Marahaba. Umenikumbusha mateso, mwanangu. Kwetu haluli ilikuwa na siku yake, Jumamosi ya mwisho ya likizo. Baba aliikoroga kwenye kikombe cha bati, tunapanga mstari kuanzia mkubwa. Ukitapika, unaongezwa. Choo kilikuwa kimoja na sisi tulikuwa saba, kwa hiyo mwerevu alijipanga wa mwisho, apate nafasi foleni ya kwanza ikishapita. Jumatatu tunakwenda shule wepesi, baba anasema damu imesafishwa. Mafuta ya nyonyo yalikuwa mabaya zaidi. Yale hayamezeki, yanateleza tu yakikaa kooni.

Muuguzi mstaafu: Niingilie hapo. Haluli haisafishi damu. Ni chumvi ya magnesia, inavuta maji kutoka mwilini kuyaleta kwenye utumbo, ndiyo maana unakimbia. Tatizo ni kwamba wazee waliwapa hata watoto wenye homa au wanaohara, yaani mtu anapungukiwa maji nawe unamtoa mengine. Kwinini ndiyo ilikuwa dawa kweli, ya malaria. Na kwa kuwa mtoa mada ni wa Muheza: magome ya sinkona, mti unaotoa kwinini, yalipatikana huko huko Usambara, na vita ya 1914 hadi 1918 ilipowazuilia Wajerumani meli, walitengeneza kwinini yao kwenye kituo chao cha utafiti pale Amani. Sisi mama alitusagia kidonge ndani ya ndizi mbivu. Hadi leo nikila ndizi naisikilizia kwanza.

Mjukuu wa Pangani: Aspro, kidonge cha maumivu, msiisahau. Kwa Mhindi ulinunua kimoja kimoja. Bibi alimeza nusu, nusu akaiweka kwenye pindo la khanga.

Binti wa Tanga mjini: Mimi nije na mkate. Mama alifanya kazi ya yaya kwa Wazungu, huko ndiko alikoijua beking pauda. Kabla ya hapo, nyumbani kwa bibi, chachu ilikuwa tembo la mnazi. Unga wa mchele unakandwa kwa tembo, unaachwa uumuke, ndipo unapikwa. Babu alikuwa mwalimu wa chuo (madrasa) na kulewa ni haramu, lakini mkate wa tembo aliula na hakuuliza. (Nasi hatukumuuliza.) Mama alipotaka kuoka keki kama za kwa bibi mkubwa wake wa Kizungu, hakuwa na oveni. Akachukua debe la mafuta ya taa, akalisugua kwa majivu na ndimu siku mbili, akalitandika mchanga ndani, sufuria juu ya mchanga, makaa chini na makaa juu ya bati la kufunikia. Keki ya kwanza ilinuka mafuta ya taa kama karabai. Tuliimaliza. Ya tatu akaiuza, na mikebe mitupu ya beking pauda ndiyo ikawa ya kuwekea mauzo, kwa hiyo mkebe wa bibi yako naufahamu sana.

Mnyamwezi wa Tabora: Kwetu pesa ilikaa chunguni, chungu ardhini. Babu mzaa baba alifukia rupia za Mjerumani, pamoja na heller, sarafu ndogo za shaba zilizopigwa Tabora mwaka 1916, na noti za wakati wa vita. Mjerumani akaondoka. Noti zile hazikununua hata kiberiti. Ikaja florini 1920, kabla hajaizoea ikaja shilingi yenye simba. Tangu hapo mzee aliweka akiba kwa ng'ombe tu. Nani wa kumlaumu?

Mvita: Huku pwani shida ilikuwa faida. Posta ya Kenya ilipokea akiba tangu 1910, na marehemu babu aliweka zake, lakini kila karani akimwandikia faida yeye husema, "Hiyo si yangu." Riba. Bibi akinung'unika chinichini kwamba angalau ingenunua sukari.

Mtoa mada: Ahsanteni sana wakuu. Nimeketi na shangazi tukakisoma kile kitabu. Kuanzia 1956 bibi aliweka shilingi mbili, wakati mwingine moja, na kila mahali pa kutia sahihi pana alama ya dole gumba. Kisha Desemba 1959 zimetolewa zote, imebaki shilingi moja. Nikadhani ni msiba. Shangazi akacheka. "Hizo ni za cherehani," akasema. Cherehani yenyewe ipo bado, ndiyo meza yangu ya kuwekea kompyuta. Ile shilingi moja sijui nikaidai wapi.