Damu ya Ilham: gumzo la kikundi cha Familia ya Mzee Kaniki

Mama Ilham (Rehema): Asalaam aleykum nyote. Nimetoka kliniki na Ilham. Uzito uko kwenye kijani cha kadi yake, hilo sina wasiwasi. Ila nesi alimtazama viganja akasema vimepauka, akatupeleka maabara. Kipimo cha wingi wa damu 9.1. Malaria hana. Miezi kumi tu jamani, ananyonya, uji wa lishe anamaliza bakuli. Damu inakwenda wapi?

Bibi Kaniki: Pole mjukuu wangu. Mchemshie rozela, umtilie sukari kidogo. Sisi tuliwalea hivyo.

Ba'mdogo Hamisi: Pole sana Mama Ilham. Nesi kakupa dawa?

Mama Ilham: Ndiyo baba, ya maji. Ya kuongeza damu.

Shangazi Zuhura: Shikamoo mama. Rehema pole, na usiogope, umewahi. Nimefanya kazi ya lishe miaka mingi na watoto wa umri huu ndio tuliokuwa tukiwaona zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini chuma aliyoichota kwako tumboni, na akiba hiyo humtosha kama miezi sita. Maziwa yako yana madini chuma kidogo mno. Usimwachishe! Lakini hayatoshi tena. Kuanzia miezi sita hadi mwaka anahitaji miligramu 11 kwa siku. Baba yake, mwanamume mzima, anahitaji 8.

Mama Ilham: Eti Ilham anamzidi baba yake?

Shangazi Zuhura: Anamzidi. Na tumbo lake lingali dogo. Shida yote iko hapo.

Bibi Kaniki: Marahaba Zuhura. Na rozela je?

Shangazi Zuhura: Mama, wekundu wake ni rangi tu, madini hayatoshi kumpandishia damu. Na sukari hiyo itamshibisha aache chakula. Mpe chungwa badala yake, nitaeleza kwa nini.

Mama Ilham: Shangazi, uji wake nimeweka mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga. Nikadhani ndiyo umekamilika.

Shangazi Zuhura: Nguvu uji huo unayo. Lakini nafaka na soya zina kitu kinaitwa fitati, kinayakamata madini chuma tumboni, yanatoka na choo bila kumfaa mtoto. Ukirundika nafaka nyingi hulipunguzi tatizo hilo. Chukua moja au mbili, loweka, acha ziote kimea, anika, ndipo usage. Fitati hupungua. Halafu kaanga dagaa bila mafuta, wawe wamesafishwa mchanga, saga laini, tia kijiko kwenye uji. Madini chuma ya samaki na nyama mwili unayapokea kwa urahisi kuliko ya mboga, na yanasaidia hata ya mboga yapokelewe. Maini ya kuku mara moja kwa wiki, yaponde. Chungwa au papai baada ya kula, maana vitamini C inayafungulia njia.

Bibi Kaniki: Na chai yangu ya maziwa na mkate asubuhi? Anaipenda sana.

Shangazi Zuhura: Mama, nakuomba hiyo isubiri akue. Majani ya chai yanazuia madini chuma, na maziwa ya ng'ombe nayo yanazuia. Kabla ya mwaka mmoja maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake. Mkate mpe, uulowanishe kwenye mchuzi wa dagaa.

Bibi Kaniki: Haya. Kama ni damu ya mtoto, nitaiacha.

Ba'mdogo Hamisi: Zuhura, mimi hapa nasaga sembe na dona kila siku. Nawaambia watu dona ndiyo ina afya. Nisiendelee?

Shangazi Zuhura: Endelea kaka. Sembe ukiikoboa, kiini na pumba vinaondoka na madini mengi. Dona imebaki nayo, ila imebaki na fitati pia. Ndiyo maana unga unaoongezwa virutubishi una faida. Kuna aina ya madini chuma inaitwa NaFeEDTA ambayo fitati haiizuii sana, na Shirika la Afya Duniani linaipendekeza hasa kwa unga usiokobolewa kama dona yako.

Farida (Mombasa): Huku Kenya tangu 2012 sheria yadai unga wa pakiti, wa ngano na wa mahindi, utiwe virutubishi. Lakini wengi wetu twapeleka mahindi kinuni, na huko hautiwi kitu.

Shangazi Zuhura: Huku kanuni zilitoka 2011. Viwanda vikubwa vinaweka. Mashine za mtaani, ambako watu wengi husaga, nyingi bado. Ukinunua wa kiwandani soma mfuko: utafute madini chuma, zinki, asidi ya foliki, vitamini B12.

Ba'mdogo Hamisi: Nikiweka, wateja watasema Hamisi anatia dawa kwenye unga. Hapa maneno hayakawii.

Shangazi Zuhura: Waulize chumvi wanayokula ina nini. Madini joto yamo humo siku nyingi, na uvimbe wa shingo, goita, umepungua. Virutubishi vya unga ni vichache mno, ladha haibadiliki, ugali unabaki ule ule. Na kuna kifaa kinachofungwa kwenye mashine ndogo kama yako, kinadondosha kipimo kulingana na uzito wa unga unaopita. Huhitaji kukisia kwa kijiko, na usikisie kamwe. Nenda kwa afisa lishe wa wilaya ukaulize.

Ba'mdogo Hamisi: Kesho nafunga saa nane, nakwenda.

Mama Ilham: Kwa hiyo nikinunua unga wa hivyo ndiyo basi, Ilham amepona?

Shangazi Zuhura: Hapana mwanangu. Uji wake una unga vijiko vichache tu. Unga huo utakufaa wewe unayenyonyesha, utamfaa dada yake Asha aliye kidato cha pili na sasa anapoteza damu kila mwezi. Mtoto wa miezi kumi anahitaji dagaa, maini, na akishamaliza dawa ulizie vile vipakiti vya virutubishi vya gramu 1. Kimoja kwa siku, kwenye chakula kilichopoa kidogo, fungu dogo atakalolimaliza ndani ya nusu saa. Usivichanganye na dawa ya maji bila nesi kukuambia.

Farida (Mombasa): Dada, na choo kikiwa cheusi usishtuke. Wangu alikuwa hivyo, ni dawa.

Shangazi Zuhura: Sahihi Farida. Na chupa ikae juu ambako watoto hawafiki. Dawa ya madini chuma ikizidi inaweza kumuua mtoto. FEFO, vile vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki ulivyobakiza vya ujauzito, usimpe kabisa, hata nusu.

Mama Ilham: Nimeelewa. Minyoo je? Jirani anasema nimnunulie dawa leo.

Shangazi Zuhura: Dawa ya minyoo anaanza akitimiza mwaka. Mwezi Juni na Desemba zinatolewa kliniki pamoja na vitamini A. Kwa sasa alale kwenye chandarua kila usiku, maana malaria inaila damu haraka.

Mama Ilham: Narudi lini kupima?

Shangazi Zuhura: Baada ya wiki nne. Damu inatakiwa iwe imepanda angalau 1, yaani ifike 10 na kidogo. Isipopanda na dawa amekunywa vizuri, waombe wampime selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ikipanda usikatize, endelea miezi mitatu ili akiba nayo ijae.

Bibi Kaniki: Mchungwa wangu umezaa. Hamisi ukipita kesho chukua mfuko umpelekee Rehema.

Ba'mdogo Hamisi: Sawa mama. Rehema, na dagaa nitakusagia mwenyewe, ila nitaiosha mashine kwanza. Nikuletee kilo ngapi?

Mama Ilham: Nusu inatosha baba. Ahsanteni.