Nyanya zinanyauka zikiwa kijani, naomba ushauri wa mbegu

Habari zenu wakulima wenzangu. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, hapa Morogoro. Nyanya zinastawi vizuri, zikianza maua zinanyauka ghafla majani yakiwa bado kijani. Nimekata shina nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, ukashuka ute mweupe kama maziwa. Basi ni mnyauko wa bakteria; dawa za ukungu hapo ni hasara tupu. Mbegu ya nyanya ya Tengeru 97 inasifiwa kwa kuhimili mnyauko wa fuzari (unaoletwa na ukungu) na minyoo fundo (inayovimbisha mizizi), lakini huu ni ugonjwa mwingine. Je, kuna mbegu inayouhimili kweli? Au niunganishe miche kwenye shina la biringanya? Eneo la kuhamia sina. Aliyefanikiwa anielekeze tafadhali, mvua zinakaribia.