Naomba ushauri: kesi iliyoondolewa bado imo katika kompyuta ya polisi

Ndugu zangu, kesi ya mdogo wangu hapa Kenya iliondolewa mahakamani chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachomruhusu mwendesha mashtaka kuondoa kesi, lakini alipoomba cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi ili aajiriwe, alama zake za vidole zilionyesha kwamba angali mshtakiwa. Ninafahamu kwamba uondoaji wa namna hiyo hauzuii kushtakiwa upya. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 40, inampa mtu haki ya kuomba taarifa zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Wakili tuliyemwendea alizungumza zaidi kuhusu ada yake kuliko tatizo lenyewe. Je, tuwapelekee polisi kwanza nakala ya uamuzi wa kuondoa kesi iliyothibitishwa na mahakama, au tumwandikie Kamishna wa Ulinzi wa Data moja kwa moja?