"Bonaparte's Retreat": ni wimbo wa Kentucky au ulitoka ng'ambo?

Mtoa mada: Wakuu, nauliza kuhusu wimbo huu wa fidla wa kuchezea, ambao jina lake linamtaja Napoleon Bonaparte. Mtunzi wa Marekani Aaron Copland aliuingiza kwenye "Hoe-Down", sehemu ya mwisho ya baleti yake Rodeo (1942), na wengi humtaja yeye tu. Wengine wanasema asili yake ni muziki wa gwaride wa Ireland au Scotland. Tumhesabie nani?

Upinde: Mkuu, tuanze na rekodi. Mwaka 1937 Alan na Elizabeth Lomax, wakusanyaji wa nyimbo za mapokeo, walimrekodi mpiga fidla William Hamilton Stepp kule Salyersville, jimbo la Kentucky, kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mtunzi Ruth Crawford Seeger akaisikiliza rekodi ile na kuiandika noti, zikachapishwa 1941 katika kitabu cha nyimbo Our Singing Country. Copland alizifuata karibu noti kwa noti. Wapiga fidla wengi wa zamani waliupiga taratibu, kama watu wanaotembea gwaride. Stepp aliuchapa mbio mpaka ukawa wa kuchezea. Hiyo mbio ndiyo dunia inayoijua, na ni kazi ya mkono wake.

Nyuzi4: Hapo umetaja mwendo tu, ndugu. Angalia nyuzi. Kwa kawaida fidla hufungwa GDAE, yaani noti za nyuzi nne kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Wimbo huu unataka DDAD. Uzi mnene unashuka kutoka G hadi D, mwembamba kutoka E hadi D. Ukishalegeza hizo mbili, rudia kuzirekebisha za katikati, maana mvuto ukipungua zinapanda zenyewe. Usikandamize upinde kwenye uzi mnene: umelegea, kwa hiyo utakoroma na sauti itayumba. Ukipatia, D ya chini inavuma muda wote chini ya wimbo, sawasawa na zumari za mfuko za Scotland. Anayepiga kwa GDAE hupata noti nyingi, ila mvumo ule haupati. Mvumo huo haukuanza na Stepp.

Upinde: Mvumo hauthibitishi asili. "Midnight on the Water", waltz ya Texas ya ukoo wa Thomasson, nayo hupigwa DDAD, na haihusiani na Scotland wala Napoleon.

Nyuzi4: Sawa, lakini ndani ya "Hoe-Down" hiyohiyo Copland aliweka pia kipande cha "Miss McLeod's Reel". Huo ni wa Scotland, na kusini mwa Marekani wanauita "Hop High Ladies". Nyimbo zilivuka bahari, zikabadilishwa majina na mwendo. Kwa nini huu uwe tofauti?

Upinde: Huenda si tofauti. Ninachodai ni haki ya mpigaji. Orkestra ikipiga "Hoe-Down", karatasi ya tamasha iseme: wimbo wa mapokeo, kwa upigaji wa W. H. Stepp, Kentucky, 1937. Kumwacha nje ni dhuluma.

Nyuzi4: Hilo naliunga mkono kabisa. Ila msiongeze kwamba ulitungwa Kentucky, kwa sababu rekodi ya 1937 inatuonyesha Stepp aliupigaje, haituonyeshi wale aliojifunza kwao waliutoa wapi.